Mkono Ulioshika Nazi

Makanyagio, Mpanda

Jumapili, 25 Januari 1976

Daftari hili lilikuwa la darasa la watu wazima ninalofundisha jioni. Tangu mvua zishike wanafunzi wangu wote wako mashambani, na kurasa zimebaki nyeupe. Nimeona heri niandike mambo yangu kuliko kuwaachia mchwa.

Jana treni ya mizigo imeleta gunia la nazi. Limetumwa na wifi yangu aliyebaki Tanga. Mama mkwe alipolisikia jina lake likiitwa pale stesheni alipiga vigelegele mbele za watu, nikaona haya. Mama mkwe huyu, Mama Marsela, ni mzaliwa wa Mwese, kule milimani, lakini alikwenda Tanga na marehemu mumewe kukata mkonge akiwa bado msichana. Alikaa huko miaka ishirini na minane. Shamba lilipofungwa akarudi kwa mwanawe, yaani mume wangu Telesphor, akiwa na sanduku la nguo, picha ya Bikira Maria na mbuzi ya kukunia nazi. Miaka minne mbuzi ile imekaa uvunguni mwa kitanda, maana hapa nazi utaipata wapi? Leo ameitoa, akaipangusa, akaikalia na kupitisha kidole kwenye yale meno ya chuma.

"Haya, mwenzangu," akaiambia. "Kazi imekuja."

Mimi nimezaliwa Karema, ziwani. Sisi tunajua mawese na karanga. Nazi nimeila mara mbili tu maishani, na hata hizo mbili nililetewa imeshakunwa.

Niandike ukweli kwa kuwa hakuna wa kusoma: ninamwogopa Mama. Hajanitukana hata siku moja. Lakini mwaka wa tatu huu sijapata mtoto, na kila ninapoinuka namwona akilitazama tumbo langu kabla ya kuutazama uso.

Jumanne, 27 Januari

Telesphor amechimbia kipande cha mtaimbo uani, ncha ikiwa juu. Mama anakiita kifuo. Anaishika nazi kwa mikono miwili, anaikita kwenye ncha, anaiegemea na kuizungusha kidogo, makumbi yanaachia. Alifua nne wakati mimi nahangaika na moja, na hiyo moja nusura nijitoboe tumbo.

Kisha akanionyesha kuvunja. Anaiweka kwenye kiganja cha kushoto, juu ya bakuli, na mkono wa kulia anashika panga, mgongo chini makali juu.

"Watu wa bara wanaibamiza kwenye jiwe kama wanaua nyoka, maji yote yanakwenda. Nazi ina kiuno, Goreth. Kitafute. Ipige kiunoni, igeuze, ipige, igeuze. Usiionee hasira."

Akapiga, akageuza, akapiga. Nilisikia mlio ukibadilika, ukawa kama wa chungu chenye ufa. Pigo la nne nazi ikafunguka vikombe viwili sawasawa, na maji yote yakaingia bakulini. Akayaonja kwanza. Yakiwa na ukakasi, nazi hiyo ni ya kutupa.

Nilicheka na kupiga makofi. Ila kila panga liliposhuka nilifumba macho.

Jumatano, 28

Mvua mchana kutwa. Wali wa nazi.

Ijumaa, 30

Nimejaribu kuvunja mwenyewe. Kiganja kilitetemeka hadi nazi ikaanguka na kubingirika matopeni. Mama alisema, "Mkamwana, nazi haing'ati." Jirani yetu Christina alikuwepo, akacheka sana. Mume wake, Manyanda, ni Msukuma mwenye ng'ombe wengi, na zizi lao liko nyuma ya nyumba yetu.

Jumatatu, 2 Februari

Telesphor ameondoka alfajiri na gangi yake, kikosi cha kutengeneza njia ya reli. Maji yamebeba tuta upande wa Ugalla, treni haipiti. Hajui watakaa huko siku ngapi. Amechukua panga la jikoni kwa sababu la kazi lilivunjika mpini. Tumebaki na lile kuukuu la shambani.

Alhamisi, 5 Februari

Nimekwenda zizini kwa Manyanda kuchukua samadi ya kusiliba sakafu. Iliyokuwa juu ni uji mtupu kwa mvua, nikachimba ile ngumu ya chini kwa panga. Radi ikaanza nikakimbia. Panga nililifuta kwa majani na kulichomeka chini ya paa.

Jumamosi, 7 Februari

Nikiacha kuandika nitakaa nikiutazama ukuta.

Christina alituletea migebuka mitatu. Mama akasema kesho tule samaki wa nazi, na leo nitavunja mimi. Nikamwambia siwezi. Akasema, "Basi mimi nashika, wewe unapiga. Utazoea hivyo hivyo."

Nikaleta panga lile la chini ya paa. Nililipangusa kwa khanga yangu. Penye mpini, pale chuma kinapoingia kwenye mti, niliona uchafu mweusi umeganda. Niliuona. Nikasema moyoni, tunapiga kwa mgongo tu, hakuna kitakachogusa chakula. Na nilichoka kuonekana mjinga. Ningekwenda kuliosha, Mama angesema natafuta sababu ya kukwepa.

Nilipiga, yeye akageuza. Nikapiga. Akasema, "Umeona? Umeona?" kwa furaha kabisa. Nazi ikapasuka upande mmoja tu, upande wa pili ukagoma. Akasema, "Ingiza makali kwenye ufa, uibanue taratibu." Nikageuza panga. Nikaingiza makali. Haikubanuka. Nikasukuma kwa nguvu zaidi, na mara nazi ikaachia yote kwa pamoja, panga likapita katikati na kuzama kwenye kiganja chake, chini ya kidole gumba.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Basi." Maji ya nazi kwenye bakuli yakawa ya waridi, halafu mekundu. Nilisimama na panga mkononi mpaka akasema, "Goreth. Weka chini. Nifunge."

Tukamshika huku na huku, mimi na Christina aliyekuwa bado hapa, tukaenda naye zahanati katika mvua. Dresa, Bwana Celestin, alimkalisha na kuufungua mkono. Niliiona nyama ya ndani.

"Kimemkata nini?"

"Panga la jikoni," Mama akajibu. Yeye hakujua kuwa la jikoni limekwenda Ugalla. Alijua panga ni panga.

"Lilikuwa safi?" Akaniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimelishika.

Mama alinitazama. Christina alinitazama. Nikasema, "Safi."

"Afadhali. Maana sindano ya pepopunda imeniishia, nyingine iko Tabora inasubiri treni kama sisi wote." Akaosha kidonda, akashona nyuzi sita, akafunga bandeji.

Neno moja. Sasa lipo, siwezi kulirudisha mdomoni.

Jumapili, 8 Februari

Siku ya pili.

Mimi pepopunda ninaijua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili baba yangu alipokanyaga msumari kwenye mtumbwi aliokuwa anautengeneza. Kidonda kilikuwa kidogo, kilikauka, tukasahau. Siku ya tisa aliamka akasema taya zinamuuma kama aliyetafuna muwa mwingi. Jioni hakuweza kuingiza kijiko. Sista wa misheni alituambia tusifungue dirisha, tusiongee kwa sauti. Mtu alipotua ndoo nje, baba alijikunja mgongo hadi kichwa na visigino tu ndivyo vilivyogusa kitanda. Na alikuwa anatusikia. Akili zake zote zilikuwepo mpaka akakata roho. Sista alisema ukipita wiki tatu tangu kuumia bila dalili, umepona.

Wiki tatu ni tarehe 28. Nimeitia alama.

Jumatatu, 9 Februari

Siku ya tatu. Mama ana maumivu lakini anaongea. Nimemsikiliza kila neno, kama meno yanaachana.

Jumanne, 10 Februari

Siku ya nne. Nimepata njia ya kumpima bila yeye kujua: kumpa kitu kigumu cha kutafuna. Ugali hautoshi. Nazi inatosha.

Panga siligusi tena. Nilichemsha msumari mpya mpaka maji yakakauka, nikatoboa yale macho matatu ya nazi. Moja ni laini, linaingia bila nguvu. Nikamwaga maji yote kwenye kikombe. Nikaifunga nazi kwenye khanga, nikaizungushia mapigo madogo ya mchi kiunoni, bila kuishika kwa kiganja cha mtu. Ikavunjika ndani ya nguo. Vifuu nikaviweka karibu na makaa kwa muda mfupi, nyama ikajitenga yenyewe, nikaibanua kwa kijiko. Hakuna kisu hata kimoja.

Nikampelekea Mama vipande kwenye sahani. Akatafuna. Kru, kru, kru. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile.

"Umeivunjaje?" akauliza. Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Miaka yote ile Tanga sikuona mtu akiifunga nazi nguo kama mtoto. Lakini imevunjika."

Jumatano, 11

Siku ya tano. Nazi moja. Ametafuna. Mvua.

Alhamisi, 12 Februari

Siku ya sita. Wanawake wa jumuiya wamekuja kumpa pole. Mama amewaambia, nikiwa nimesimama mlangoni na chai: "Huyu mkamwana ananihudumia kuliko nilivyohudumiwa na wanangu wa kuzaa. Kila siku ananivunjia nazi nitafune, anadhani ndiyo dawa." Wakacheka. Mmoja akasema nina bahati ya kuwa na mkwe kama huyu.

Nikaiweka chai chini, nikaenda nyuma ya nyumba.

Miaka mitatu nimengoja anisifu mbele ya watu.

Ijumaa, 13

Siku ya saba. Bandeji inanuka. Anasema si kitu. Anatafuna upande mmoja, anasema jino linamuuma. Jino gani? Hajawahi kulalamikia jino.

Jumamosi, 14 Februari

Siku ya nane. Nimesema.

Nilimwambia Mama nakwenda kununua chumvi. Zahanati kulikuwa na foleni ya akina mama na watoto, nikakaa mwisho, na kila aliyekuja nyuma yangu nilimpisha. Mwishowe sikubaki na wa kumpisha.

"Mgonjwa wako vipi?" Bwana Celestin akauliza, bado anaandika.

"Panga halikuwa safi."

Akaendelea kuandika kidogo, kisha kalamu ikasimama. "Panga gani?"

"Lililomkata Mama. Nilikuwa nimechimbia samadi zizini. Sikuliosha."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliweka kalamu chini, akasema polepole, "Mama, ningejua hivyo nisingekishona. Kidonda cha namna hiyo kinaachwa wazi, kinaoshwa kila siku. Unajua nilichokifungia ndani ya mkono ule?"

Nikasema najua. Nikamweleza habari za baba yangu. Hapo ndipo alipokasirika.

"Unaijua! Na ukaniambia safi?"

Alichukua mkoba akaja nami hadi nyumbani. Alimwambia Mama kidonda kimeshika usaha, lazima akifungue. Akazikata zile nyuzi. Harufu ilijaa chumba. Akamimina dawa inayotoa povu, akasafisha hadi ndani, Mama ameuma upindo wa khanga na machozi yanamtiririka, na mimi nimemshika bega. Alikuwa ananiegemea mimi.

Nje Bwana Celestin aliniambia atakwenda stesheni kupiga simu ya reli. Dawa ikifika Ugalla na kiberenge, kile kigari cha reli, cha upande wa pili, labda watu wa gangi wanaweza kuivusha. "Itabidi niwaeleze sababu ya haraka. Mumeo atasikia. Na yeye mama mwenyewe lazima ajue, ili asikie dalili mapema. Mwambie wewe. Kesho kutwa nikija nikikuta hajui, nitamwambia mimi."

Jumapili, 15 Februari

Siku ya tisa. Siku ya baba.

Tulipotoka Misa nilimsubiri akae kitandani, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Nikapiga magoti.

"Mama, panga lile halikuwa la jikoni."

"La wapi?"

"La shambani. Nilikuwa nimechimbia samadi kwa Manyanda. Nililiona chafu, nikakuletea hivyo hivyo."

"Na dresa alipokuuliza?"

"Nikasema safi."

"Nilikuwepo," akasema, kana kwamba anajikumbusha mwenyewe. "Nilikuwa nimekaa pale pale." Halafu: "Kwa nini, Goreth?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe."

"Nazi zile," akasema. "Za kutafuna kila siku. Ulikuwa unanipima."

Nikaitikia kwa kichwa.

Mama akafunga mdomo. Akageukia ukutani.

Jumatatu, 16 Februari

Siku ya kumi. Hajasema neno. Nimepeleka nazi, hakuigusa. Nimepeleka ugali, hakuugusa. Bwana Celestin alipokuja aliniamuru nitoke nje. Alipotoka nikamuuliza kama mdomo unafunguka. Akasema, "Amekataa kuufungua. Ananipungia mkono nimwache." Taya alizigusa, zilikuwa ngumu, lakini mtu mwenye hasira naye anakaza taya.

Jumanne, 17

Siku ya kumi na moja. Kimya.

Jumatano, 18 Februari

Siku ya kumi na mbili. Anakubali chakula cha Christina peke yake. Nimemngoja Christina mlangoni.

"Amekula?"

"Mayu amekunywa uji," akajibu, akimwita Mama kwa Kisukuma.

"Alifungua mdomo vizuri?"

"Amekunywa uji, nakwambia."

"Kwa kijiko au kwa kikombe? Uliona meno?"

"Wewe Goreth!" akasema. "Nimwangalie mtu mzima meno kama ninanunua ng'ombe?"

Uji hauhitaji taya. Baba naye alikunywa uji siku ile ya kwanza, tukafurahi.

Alhamisi, 19

Siku ya kumi na tatu. Mvua, kimya, uji.

Ijumaa, 20 Februari

Siku ya kumi na nne. Nimefanya jambo baya.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, macho amefumba. Nilikuwa nimemtazama tangu asubuhi. Shingo yake niliiona imenyooka kuliko kawaida. Pembe za mdomo niliziona zimevutika, kama anayetabasamu bila furaha. Kama baba. Nikasema ni wazimu wangu. Nikasema si wazimu. Ndipo nikakumbuka ile ndoo iliyotuliwa nje.

Nikaingia ndani, nikachukua mfuniko wa sufuria kubwa. Nikasimama nao nyuma ya kiti chake. Nikauachia uanguke sakafuni.

Aliruka. Mwili mzima uliruka, mkono mzuri ukashika kiti, na mdomoni ikatoka sauti, lakini sauti ya kooni tu, meno hayakuachana. Akanigeukia. Sikuwahi kuona macho ya namna ile kwa mtu mzima. Kila mtu angeruka. Hata mzima angeruka. Sikupata jibu lolote, nilichopata ni kumtisha mama mzee mgonjwa kwenye kiti chake.

Christina alisikia kutoka kwake, akaja mbio. Akauona mfuniko, akaniona mimi. "Umekuwa mwehu? Unataka kummalizia?" Akamchukua Mama kwa kiwiko, akaondoka naye kwenda kwake.

Nimebaki na nyumba. Nazi kumi na moja zimo kwenye gunia na mvua inaingia kwa kona ya jikoni.

Jumamosi, 21

Siku ya kumi na tano. Nilikwenda kwa Manyanda kuomba nimwone. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni, akasema kwa upole, "Mama, rudi nyumbani. Akikutaka tutakuita."

Jumapili, 22 Februari

Siku ya kumi na sita. Telesphor amefika.

Saa tisa mchana nilimwona anakuja na njia ya reli, ametapakaa matope hadi kiunoni, kifuani amekumbatia chupa ya chai. Nilimkimbilia. Hakusimama. "Yuko wapi?" Nikamwonyesha kwa Manyanda. Akapita.

Dawa ilikuwa ndani ya chupa ile, kwenye maji ya baridi. Kiberenge kilikuwa kimeifikisha ng'ambo ya tuta lililokatika, wenzake wakaivusha kwa kamba. Kuanzia hapo ametembea juu ya mataruma ya reli siku mbili. Kila stesheni ndogo alibadilisha maji ili yasipate joto.

Bwana Celestin aliitwa. Nilisimama uani kwa Manyanda katikati ya ndama, hakuna aliyenifukuza. Nilisikia Telesphor akisema, "Mama, ni mimi. Fungua mdomo dresa akuone." Kimya. "Mama." Kimya. Niliushika mti wa zizi. "Mama, nimetembea."

Halafu nikasikia kijiko kikigonga meno. Kisha sauti ya Bwana Celestin: "Pana zaidi. Zaidi. Ahsante." Na Mama, sauti imekauka kwa wiki nzima ya kutotumika: "Kijiko chako kina ladha ya chuma."

Akachomwa ile sindano, nami nilikaa chini pale pale kwenye samadi.

Jumatano, 25

Siku ya kumi na tisa. Amerudi nyumbani. Anaongea na Telesphor, na Christina, na kuku. Mimi bado.

Jumamosi, 28 Februari

Siku ya ishirini na mbili. Zimepita. Nilihesabu tena kwa vidole, nikahesabu kwa punje za mahindi.

Mchana nilipakua maharage. Mama alionja, akasema akitazama sahani, "Chumvi." Nikampa. Ni neno la kwanza kwangu tangu tarehe kumi na tano.

Jumatano, 3 Machi. Majivu

Tumepakwa majivu. Njiani kurudi Telesphor alinipunguzia mwendo tukabaki nyuma.

"Karani alisoma ule ujumbe kwenye simu mbele ya gangi nzima," akasema. "Kwamba mke wangu anasema panga lilikuwa chafu. Wote walisikia."

"Najua."

"Ulisema uongo juu ya mama yangu."

"Ndiyo."

"Juu ya reli nilikuwa nafikiri, nikifika nikute amekufa, huyu mwanamke nitamfanya nini. Siku mbili nzima. Sikupata jibu." Akafuta majivu yaliyokuwa yanateremka na mvua kwenye pua. "Bado sijalipata. Nakwambia tu ujue."

Nikamwambia ahsante kwa kuniambia.

Jumapili, 7 Machi

Kidonda kimekauka. Kidole gumba na cha shahada havikunjiki, na Bwana Celestin anasema havitakunjika tena. Mama hawezi kushika nazi. Hawezi kukaza mkanda wa sketi wala kusuka nywele zake.

Leo aliniita barazani, akakaa chini kwenye mkeka, akaniwekea kitana pajani. Sikuuliza. Nikaanza kumsuka. Nywele zake ni nyeupe kuliko nilivyodhani, ukizigawa unaona.

Nilikuwa mstari wa tatu aliposema, "Kule mkongeni tulizika watu wa pepopunda kila msimu. Mwiba wa mkonge unamchoma mtu, anacheka, wiki ya pili anajikunja. Nimewaosha wanawake wawili mimi mwenyewe."

Nikaacha kusuka.

"Endelea," akasema. Nikaendelea. "Uliponiambia, nilikasirika. Bado nimekasirika, usijidanganye. Lakini hasira siku moja ilitosha. Ile kesho yake nilitaka kukutukana, maneno nilikuwa nayo tayari, mazuri tu." Kuku alipita. "Nikaogopa kuufungua mdomo, Goreth. Nilisema nikijaribu nikakuta haufunguki, basi nitakuwa nimeshajua. Bora nisijue. Nikaufunga. Siku saba niliunywa uji kupitia kwenye meno, mwenyewe sijui kama ni mimi ninayeufunga au ni ugonjwa."

Nilikosea mstari, nikaufumua.

"Ungeniambia," nikasema. "Tulikuwa chumba kimoja."

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unanitazama kama maiti."

Mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi, na mbali, upande wa stesheni, tukasikia honi ya treni, ya kwanza tangu Januari. Watoto wa Christina wakatoka mbio. Mama alijaribu kuinuka aione, akaweka ule mkono chini kwa kuzoea, ukamkatalia. Nikamshika kwapani. Alikuwa mzito, nami nilimwinua taratibu mpaka akasimama, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kiko wazi, tukasimama hivyo barazani hadi moshi ukaonekana juu ya nyumba.